ULIZA FUNDI: Betri ikibaki nusu, moyo unabaki robo

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa magari ya umeme, na ukizisoma moja moja unaona swali ni lile lile tu: itanifikisha? Nimezipunguza kidogo maana zingine zilikuwa kurasa tatu, majina nimeacha vile wenyewe walitaka yaandikwe.

Fundi salaam. Nina Nissan Leaf ya 2018, ile ya betri ya 40, imetoka Japan. Naishi Rongai na kazi ni Upper Hill. Gari ni tamu sikatai, shida ni mimi. Asubuhi dashibodi inaandika kilomita 210, nikifika kazini, ambako ni kama kilomita 22 tu, inaandika 165. Zile zingine zimeenda wapi? Sasa jioni siendi mahali, ni nyumbani moja kwa moja, hata harambee nakataa. Nachaji kila usiku mpaka ijae na bado saa nane za usiku naamka naenda kuangalia kama kale kataa ka kuchaji kanawaka. Mke wangu anasema nimeoa gari. — Baba Shani, Rongai

Baba Shani pole, na mke wako ana haki ya kulalamika. Hizo kilomita hazijaenda popote kwa sababu hazikuwepo. Ile namba kubwa ni makisio tu, gari inaangalia vile umeendesha siku za karibuni alafu inasema ukiendelea hivyo hivyo utafika pale. Jana ulikuwa unatambaa kwa jam ya Lang'ata Road mwendo wa konokono, gari ikafurahi, asubuhi ikakuahidi 210. Wewe ukatoka na hita imewashwa maana asubuhi ni baridi na kioo kina ukungu, Bomas ukapata barabara iko wazi ukakanyaga, ahadi ikayeyuka. Ni gari imebadilisha maoni, betri haijavuja.

Kwa hivyo kitu cha kwanza nataka ufanye ni kuacha kusoma kilomita, usome yuniti. Wewe si hununua tokeni? Yuniti ya tokeni na yuniti ya betri ni kitu kimoja, ile kWh, hakuna elimu mpya hapo. Gari yako ikiwa mpya ilikuwa na yuniti kama 37 za kutumia. Sasa hivi ziko ngapi? Nunua kale kadude kadogo ka bluetuthi ka kuchomeka chini ya usukani, pale fundi huchomekaga mashine ya dayagnosisi, alafu uweke programu ya LeafSpy kwa simu. Itakuandikia afya ya betri kwa asilimia, wenyewe wanaita SOH. Ikisema 84, hesabu una kama yuniti 31. Hiyo ndo tangi yako. Hiyo namba haipandi na kushuka kila asubuhi kama bei ya sukuma, itapungua lakini polepole, kwa miezi na miaka.

Alafu kwenye dashibodi tafuta ile namba ndogo imeandikwa km/kWh, gari za Japan zinayo karibu zote. Hiyo inasema kila yuniti moja imekubeba kilomita ngapi. Kwa njia yako na jam yako nategemea utaona 6.5 mpaka 7, siku ya baridi na mvua 6 au chini kidogo. Sasa piga hesabu na mke wako akiwepo: kwenda na kurudi ni 44, gawa kwa 6.5, unapata karibu yuniti 7 kwa siku. Una 31. Unaweza kwenda kazini Jumatatu mpaka Alhamisi bila kugusa soketi na Alhamisi jioni uingie geti ukiwa na yuniti tatu. Sikwambii ufanye hivyo, nakwambia tu umekuwa ukikosa usingizi kwa ajili ya gari ambayo kila jioni inarudi na robo tatu ya betri.

Na hiyo ya kuamka saa nane. Soketi ya kawaida ya nyumba ukiivuta kwa ampia 10 inatoa kama kilowati 2.3, kwa masaa nane ni yuniti 18, toa zile zinazopotea njiani bado unabaki na 15 na kitu, hizo ni siku mbili za kazi kwa usiku mmoja. Hauhitaji kuijaza kila siku, na betri yenyewe haipendi kukaa imejaa pomoni mchana kutwa kwa jua la parking. Chomeka Jumapili, chomeka Jumatano, lala. Kitu cha kuangalia usiku sio kale kataa, ni soketi: iguse kwa mkono baada ya saa moja ya kuchaji, ikiwa ya moto sana basi mwite fundi stima, usingoje inuke. Na tafadhali sana hiyo mambo ya ekstensheni za mia tano za kule mjini hapana. Zimetengenezwa kwa pasi ya dakika kumi, sio mzigo wa usiku mzima.

Bado moyo. Hesabu inatuliza kichwa lakini moyo unataka kuona kwa macho. Chagua Jumapili moja asubuhi, betri ikiwa kama asilimia 25, uzunguke hapo hapo karibu na nyumbani, Rongai, Maasai Lodge, urudi, mahali ambapo hata kukiharibika ni kilomita tatu kutoka kwa soketi yako. Endelea mpaka gari ianze kulia. Utaona kwanza taa ya njano na onyo la betri iko chini. Bado iko sawa. Ukiendelea, ile namba ya kilomita inapotea inabaki vistari tu, hapo watu wengi ndo huanza kusali, lakini gari bado inatembea. Mwisho kabisa ndo anakuja kobe, yaani taa ya kobe kwenye dashibodi na gari inakata nguvu. Kabla umwone kobe umeonywa mara mbili na kwa muda mrefu. Usimfikie, rudi nyumbani kwenye vile vistari. Watu ambao wamefanya hii kitu mara moja tu wanalala, maana adui ukishamjua anapokaa unajua pia mahali asipokaa.

Fundi habari ya kazi. Mimi gari si langu ni la mzee, Leaf ya betri ya 30. Tunaishi Kitengela. Tukitoka tu anazima AC, anazima redio, juzi saa kumi na mbili na nusu jioni alitaka kuzima taa za mbele nikamwambia naomba kushuka. Tunapikwa humo ndani na watoto. Alafu mtoto wetu mkubwa yuko bweni Thika, siku ya kutembelea wanafunzi mzee anasema twende na matatu. Ni kweli redio inamaliza betri? — Mama Pendo, Kitengela

Mama Pendo nimecheka alafu nikakumbuka taa nikaacha kucheka. Mwambie mzee taa za mbele hazizimwi kwa sababu yoyote ile, na kwamba faida ya kuzizima ni kama hakuna. Redio na taa ukiziweka pamoja kwa saa nzima hazifiki hata robo ya yuniti kwa gari nyingi, ni kama kilomita moja ya barabara. AC inakula kidogo zaidi, siku ya jua kali na mmesimama kwa jam inaweza kufika yuniti moja kwa saa, lakini ikishapoesha ndani inashuka. Hizo ni kilomita kama sita. Kwa sita hizo watoto wasiive. Hita ndo mlafi, hasa ile ya kuchemsha hewa kama hita ya chumba, kwa hiyo asubuhi ya baridi mzee anaruhusiwa kubana hapo, awashe ya kiti kama ipo.

Kinachomaliza betri mzee hajakitaja, ni spidi. Upepo hauna huruma, ukiongeza mwendo kidogo wenyewe unasukuma zaidi ya vile uliongeza. Gari hiyo hiyo kwa 80 inaenda kilomita 7 kwa yuniti, ipeleke 110 pale Thika Road uone inashuka 5. Kwa hivyo mtu anazima redio alafu anapita lori kwa 115, aisee. Aweke 80 au 85, aachie mguu mapema akiona breki za mbele, aweke ile gia ya B ili gari ikipunguza mwendo irudishe umeme kwa betri, na aangalie upepo wa tairi maana tairi laini zinakula kimyakimya. Alafu awashe AC.

Sasa Thika. Hapa nitamtetea mzee kidogo. Kitengela mpaka Thika kwa bypass ni kama 70, kurudi 140. Betri ya 30 ambayo imezeeka, tuseme iko na asilimia 80, ina yuniti kama 22. 140 ukigawa kwa 6.5 ni 21 na nusu. Haitoshi kwa amani, hapo mzee amesema kweli hata kama hajui kwa nini amesema. Lakini dawa sio matatu. Mnakaa shuleni masaa manne mnakula kuku na chapati, njiani hapo Juja mna ndugu au rafiki? Pitieni mapema, gari ichomekwe masaa mawili, mnapata yuniti nne na kitu, mmekunywa chai, mnarudi Kitengela mkiwa na zaidi ya nne mkononi. Mlipieni yule ndugu, yuniti tano ni hela kidogo tu, msiwe wale wageni.

Na mwambie pia hayuko peke yake. Wamarekani wa California walihangaika na woga huu huu miaka ya 90 na ile EV1 ya General Motors iliyotoka 1996 na betri za risasi, na wale walikuwa na barabara laini na chaja za umma.

Hello Fundi. Krisimasi nataka kwenda nyumbani Njoro na familia, watu wanne, Leaf ya 40 SOH 84. Majirani wote wananiambia nitalala Gilgil. Nikodi gari ama niende? — Njoroge wa Kasarani

Nenda. Lakini nenda na karatasi.

Nairobi mpaka Njoro tuseme 180. Mtu wa kilomita atakwambia gari ikijaa inaandika 200 na zaidi, twende. Mtu wa yuniti anauliza kwanza, mlima uko wapi? Maana wewe hapa unatoka kama mita 1,700 juu ya bahari, unapanda Limuru, unaendelea kupanda mpaka zaidi ya 2,400 kule Kimende na Soko Mjinga, alafu unateremka Naivasha ambako ni kama 1,900. Kanuni ya kubeba kichwani ni hii: gari ya saizi yako ikiwa imejaa watu, kila mita 100 za kupanda zinakula nusu yuniti ya ziada, juu ya ile ya kawaida ya barabara. Ukiteremka unarudishiwa kama nusu ya hiyo, ukibahatika zaidi kidogo. Hairudi yote, usiamini mtu anakwambia mteremko ni bure.

Kwa hiyo kipande cha kwanza, Nairobi Naivasha, kilomita 90. Kwa 80 kwa saa ni yuniti 14. Kupanda mita 700 na kitu ongeza 4. Kuteremka upande ule toa moja na nusu. Ni 16 na nusu, sema 17. Ulitoka na 31, uko Naivasha na 14. Na hapa ndo majirani wako huanza kuchanganyikiwa, kwa sababu ukifika juu Soko Mjinga ile namba ya dashibodi itakuwa imeanguka vibaya, abiria wataona, bibi atanyamaza, wewe utaanza kutokwa na jasho, alafu ukianza kuteremka ile namba inapanda tena kilomita ishirini, thelathini, kila mtu anapiga makofi. Zote mbili ni uongo. Kwa karatasi yako uliandika 14 na utafika na 13 au 15.

Kipande cha pili, Naivasha mpaka Nakuru ni 70, Njoro 20, jumla 90 tena, yuniti 14, na kutoka Nakuru kwenda Njoro unapanda kama mita 300, ongeza moja na nusu. Unahitaji karibu 16 na uko na 14. Umeona? Majirani hawakuwa wajinga, ukienda bila kusimama utalala njiani, labda sio Gilgil, pengine Nakuru. Sasa simama Naivasha. Chaja ya kawaida ya kilowati 3 kwa masaa matatu inakupa yuniti 8, mle samaki, watoto wacheze, unaondoka na 22 na unaingia Njoro na 6, hiyo ni kama moja ya tano ya betri. Hapo ndo mahali moyo unatulia. Ukipata chaja ya haraka ni nusu saa tu au zaidi kidogo, lakini sikiliza hapa vizuri: gari yako ya Japan inatumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na chaja nyingi mpya zinazowekwa zina CCS2 au ile ya Kichina. Kwa hivyo usiende kwa sababu umeona alama kwa ramani. Fungua PlugShare, ile programu ya ramani ya chaja, usome maoni ya watu wa karibuni, alafu PIGA SIMU, uliza inafanya kazi? ina kichwa cha CHAdeMO? kuna gari ya mtu imeegeshwa hapo siku tatu? Hoteli pia piga, waulize kama watakuruhusu soketi na utalipa, wengi hawakatai wakiulizwa kabla, wanakataa wakikukuta umechomeka. Na nunua ule waya wa kutoka plagi ya Type 2 ya chaja kwenda Type 1 ya gari yako, bila huo utasimama mbele ya chaja nzuri kabisa na mkono mtupu.

Uwe na mpango wa pili umeandikwa kwa karatasi hiyo hiyo. Kama chaja ya Naivasha imekufa, nani ana soketi Gilgil, nani Nakuru. Ukiwa na mpango wa pili hauutumii, hiyo nimeona sana.

Kule Njoro kwa mama, kabla ya kuchomeka fundi stima aangalie athi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Nyumba nyingi za zamani hazina athi ya maana na chaja itakataa tu, itawaka taa nyekundu na wewe utadhani gari imeharibika siku ya Krisimasi.

Kurudi sitakuhesabia, fanya mwenyewe, ila kumbuka Naivasha kurudi Soko Mjinga ndo mlima wenyewe kwa upande huo. Na kwa wale wengine wote wanaosoma hapa wakiwaza Magadi kwa wikendi: kwenda ni raha, unateremka kutoka Kiserian mpaka kama mita 600 na betri inashuka polepole, unajiona bingwa. Kurudi ni mita zaidi ya 1,100 za kupanda kwa joto lile, hizo ni karibu yuniti 6 za mlima peke yake kabla hujahesabu kilomita mia na kumi. Magadi imewaaibisha watu wa petroli pia.

Mkuu habari za majukumu. Nipo Dar, Mbezi. Nina Leaf ya zamani ya 24, vile vistari vya pembeni vimebaki tisa. Naomba unishauri nifanyaje ili niweze kufika Morogoro bila presha. — Mdau wa Mbezi

Salama mdau. Moro sahau.

Nisikuache hivyo hivyo. Vistari vinaanza 12, cha kwanza kinaondoka betri ikipoteza karibu asilimia 15, baadaye kila kimoja ni kama sita. Ukiwa na tisa upo kwenye 70 hivi au chini. Betri hiyo mpya ilikuwa na yuniti 21 za kutumia, sasa unazo 14 au 15. Kwa mwendo mzuri hiyo ni kilomita 90 mpaka 100 ukiifuta kabisa, na Moro ni karibu 190. Ungesimama kuchaji mara mbili za masaa marefu, na hiyo sio safari ni kuhama. Woga wako hapo sio ugonjwa mkuu, ni akili. Lakini kwa Mbezi Posta na kurudi, ukapitie na Kariakoo, gari hiyo ni dhahabu, iache ifanye kazi yake na Moro upande treni ya SGR.

Kwa joto la Dar kuna la kuzingatia. Betri ya Leaf kama yako haina mfumo wa kuipoza, inapozwa na upepo unaopita tu. Kwa hiyo paki kivulini, usiiache imejaa asilimia mia juani, na ukitumia chaja ya haraka usirudie rudie siku moja, kuna kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi, kikikaribia nyekundu iache ipumzike. Anayetaka kununua iliyotumika Pwani, huku na Mombasa, aangalie vistari kabla ya rangi. Rangi inapulizwa.

Fundi mimi sina gari ya umeme na sitanunua. Stima ikipotea siku mbili mtaenda wapi? — Omondi, Kisumu

Omondi karibu, wewe ndo unafanya kolamu ipendeze. Swali ni halali, 25 Agosti 2023 nchi nzima ililala giza usiku huo na sehemu zingine mpaka kesho yake jioni. Lakini kumbuka pia Aprili 2022 foleni za petroli, watu walilala kwa vituo, na pampu ya petroli nayo inaendeshwa na stima, bila jenereta mhudumu anakuangalia tu. Mwenye gari ya umeme faida yake ni kwamba anaanza giza akiwa na betri. Hapa ndo nawaambia watu wanaokaa mahali stima inaruka ruka, usicheze na ile asilimia 15 ya chini wiki nzima, ukifika asilimia 40 chomeka. Kwa Baba Shani yuniti 31 ni siku nne za kazi, ni nadra giza likae siku nne. Na Kisumu mna jua, paneli za kilowati 3 siku nzuri zinaweza kuleta yuniti 10 na zaidi, shida ni kwamba mchana gari iko kazini na paneli ziko nyumbani, kwa hivyo inamfaa zaidi mtu wa biashara ya nyumbani au wikendi. Haya, hujanunua bado?

Fundi shikamoo. Niko Trondheim, Norway, mwaka wa kwanza na gari la umeme. Majira ya joto lilikwenda vizuri, sasa baridi imeingia na naona kama nimeibiwa betri. Ni kawaida? — Dada wa baridi

Marahaba dada. Ni kawaida kabisa na huko uko mahali pazuri pa kuuliza, karibu gari tisa kati ya kumi mpya zilizouzwa Norway 2024 zilikuwa za umeme na wote wanapita hapo hapo. Chama chao cha waendesha magari, NAF, kinazijaribu gari kwenye baridi kila mwaka, na tofauti ya gari na gari ni kubwa, kuna zinazopoteza kama sehemu ya kumi na kuna zinazokaribia theluthi. Betri ikiwa baridi inatoa kidogo, inachaji polepole, na hata ile breki ya kurudisha umeme inakuwa dhaifu mpaka ipate joto. Lipashe gari joto likiwa bado limechomekwa nyumbani, kwa simu, dakika ishirini kabla hujatoka, joto hilo litoke kwa umeme wa ukutani na sio kwa betri. Kiti na usukani viwashwe kwanza, hewa baadaye. Safari fupi fupi za dakika tano ndo zinakula vibaya kwa sababu kila mara unaanza kupasha upya, kwa hiyo unganisha duka na shule na kanisa safari moja. Na chaja ya haraka iendee mwisho wa safari betri ikiwa imeshapata moto, sio asubuhi ukitoka.

Fundi na ikizima kabisa kabisa barabarani inakuwaje? — wengi

Hii imeulizwa na watu wengi sana na karibu wote hawajawahi kuzimikiwa. Inakuwa hivi: unawasha hazadi, unasogea pembeni ukiwa bado na ule mwendo wa kobe, usingoje isimame katikati. Unaita flatibedi, ile ya kubeba gari nzima mgongoni. Leaf inaendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo isivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, mota inazunguka na unaweza kuharibu kitu cha bei kali, na vijana wa barabarani watakuja na kamba ndani ya dakika mbili na watakuhakikishia wameshavuta nyingi. Wakatae kwa heshima. Kama flatibedi hakuna, basi iinuliwe mbele na ivutwe na magurudumu ya nyuma. Jampa haisaidii, hiyo ni ya ile betri ndogo ya mbele inayowasha dashibodi, sio kubwa. Uliza kampuni yako ya bima kama kuvutwa kumo ndani ya malipo, bima nyingi kubwa zina hiyo na watu hawajui, alafu hiyo namba ya flatibedi iweke kwa simu leo ukiwa umekaa nyumbani, sio siku ile uko Mlolongo saa tatu usiku na simu nayo iko asilimia mbili.